Wanachama wapya wanaingia, kisha wanapotea: majibu kwa wasomaji wetu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa klabu ya kutoa huduma kwa jamii. Kila mwaka tunawapokea wanachama wapya kwa sherehe nzuri: wanavishwa beji, wanapigiwa makofi, tunapiga picha ya pamoja, na rais wa klabu anatoa hotuba ya kuwakaribisha. Kabla ya mwaka kwisha, wengi wao huwa wameacha kuja, na majina yao yanabaki kwenye daftari la ada tu. Baadhi ya wenzangu wanadai kwamba watu wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Je, ni kweli, au kosa ni letu wenyeji?
Katibu mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu Katibu, nakuomba usiikubali haraka hoja ya wenzako. Mtu aliyekubali mwaliko, akajaza fomu, akalipa ada na kusimama mbele ya watu asiowajua ili kuahidi kuwatumikia wengine, ameshaonyesha moyo wa kujitolea. Inafaa kuuliza huo moyo ulikutana na nini siku ya pili, baada ya picha kupigwa na viti kupangwa upya.

Inasaidia kukumbuka jinsi klabu za aina hii zilivyoanza. Paul Harris, mwanasheria aliyelelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa Wallingford, jimbo la Vermont, alihamia Chicago mwaka 1896. Alipata wateja na watu wa kusalimiana nao, lakini alikosa urafiki wa aina aliyoizoea utotoni. Tarehe 23 Februari 1905 alikutana na wenzake watatu: Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Hiram Shorey, mshonaji nguo, na Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, ambaye ofisi yake ndiyo iliyotumika kwa kikao hicho. Baadaye wakawa wanakutana kwa zamu katika sehemu za kazi za wanachama, na kutokana na mzunguko huo klabu ikaitwa Rotary. Mradi wao wa kwanza kwa faida ya umma, wa kuupatia mji wa Chicago vyoo vya umma, ulianza mwaka 1907. Kwa maneno mengine, watu hao walianza kwa kufahamiana, na huduma ikazaliwa ndani ya ufahamiano huo. Hata leo, lengo la kwanza katika malengo rasmi ya Rotary ni kukuza kufahamiana kama fursa ya kuhudumia.

Naitaja historia hii kwa sababu klabu nyingi zimeigeuza bila kujua. Zinampa mgeni katiba, kalenda ya miradi na namba ya akaunti ya kulipia ada, zikitarajia kwamba urafiki utajitokeza wenyewe siku moja. Kwa mtu aliyezoeana na wenzake kwa miaka kumi, kikao ni starehe. Kwa mgeni, kikao hichohicho ni saa nzima ya kusikia majina asiyoyajua, vifupisho asivyovielewa na mizaha ya safari ambayo hakuwepo. Kumuunganisha kwenye kundi la WhatsApp lenye ujumbe mia kwa siku hakuondoi upweke huo, na pengine kunauongeza.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo klabu nyingi hukosea zaidi. Mwanachama mpya huachwa miezi mingi akiwa mtazamaji kwa kisingizio kwamba bado anajifunza, kumbe mtu hujifunza klabu kwa kuifanyia kazi. Mpeni jambo dogo lenye mwanzo na mwisho ndani ya mwezi wake wa kwanza: kuandikisha waliohudhuria siku ya upimaji wa macho, kusimamia meza ya vitabu vinavyogawiwa shuleni, au kumsaidia mweka hazina kukusanya michango ya mradi mmoja. Muhimu zaidi, msimpe kazi hiyo peke yake. Mwekeni pamoja na mwanachama wa zamani, kwa kuwa watu wawili waliobeba maboksi pamoja asubuhi nzima hufahamiana kuliko walioketi meza moja kwenye vikao vingi.

Jambo jingine linahusu mdhamini, yaani mwanachama aliyempendekeza mgeni. Katika klabu nyingi kazi yake huisha siku ya kuvishwa beji, ilhali hiyo ndiyo siku inayopasa kuanza. Kwa miezi mitatu au minne ya mwanzo, mdhamini ampigie simu siku moja kabla ya kikao, aketi naye, amtambulishe kwa watu wawili au watatu wapya kila mara, na amweleze mambo ambayo katiba haiyasemi: nani wa kuulizwa kuhusu fedha, kwa nini mradi fulani ulisimama, ni lini inafaa kunyoosha mkono na ni lini desturi ni kusubiri. Mdhamini asiyekuwa na nafasi ya kufanya hivyo aseme mapema, ili klabu imteue mwingine.

Na wewe kama katibu, anza kuwauliza walioondoka. Piga simu kwa upole, bila kudai ada na bila kumshawishi mtu arudi, umuulize tu ni lini alianza kuhisi kwamba hahitajiki. Majibu hayo yatakufaa kuliko ushauri wangu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilijiunga na klabu ya huduma miezi mitano iliyopita. Watu ni wema na wananisalimia, lakini kila kikao wanachama wa zamani huketi meza zao zilezile, nami najikuta nimeketi na wageni wengine au peke yangu. Naona aibu kulalamika, kwa kuwa sikuja kutafuta kupendwa, nilikuja kusaidia. Nifanye nini?
Mwanachama mpya

JIBU: Ndugu yangu, usione aibu. Kutaka kufahamika na watu unaofanya nao kazi ni haja ya kawaida, na hakupunguzi hata kidogo nia yako ya kusaidia.

Jaribu kufika mapema, dakika kumi au kumi na tano kabla ya kikao, wakati viti bado vinapangwa. Huo ndio muda ambao watu huzungumza bila ajenda, na anayeshika upande mmoja wa meza inapohamishwa huulizwa jina lake. Usisubiri kuteuliwa kwenye kamati; mwendee mwenyekiti wa kamati inayokuvutia, umwambie una uwezo gani na una siku zipi. Viongozi wengi hawampi mgeni kazi kwa kuogopa kumlemea, na watafurahi kuondolewa hofu hiyo. Vilevile, omba nafasi ya kueleza kazi yako mbele ya wanachama. Klabu nyingi zina desturi ya kumpa mwanachama mpya dakika chache za kusimulia shughuli anayojipatia nayo riziki, na iwapo yenu imeiacha desturi hiyo, ombi lako linaweza kuifufua. Mtu akishajua kwamba wewe ni muuguzi, fundi umeme au mwalimu wa hesabu, anapata pa kuanzia mazungumzo nawe wiki inayofuata.

Yote hayo yako ndani ya uwezo wako, lakini sitaki uamini kwamba mzigo wote ni wako. Wenyeji ndio wenye wajibu mkubwa zaidi. Zungumza na mdhamini wako, umweleze kwa utulivu kama ulivyonieleza mimi. Nami nawaomba viongozi wanaosoma ukurasa huu wabadilishe mpangilio wa viti mara kwa mara, hata kwa kupiga kura ya namba za meza mlangoni, na wamweke mwanachama mmoja mwenye uso mkunjufu pale mlangoni kila kikao, kazi yake ikiwa ni moja tu: kuhakikisha hakuna anayeingia bila kupelekwa kwa mtu. Marafiki wa miaka mingi hawatapoteza urafiki wao kwa kuketi mbalimbali saa moja kwa wiki.

SWALI: Kwenye klabu yetu limezuka suala la kupokea vijana na wanawake wengi zaidi. Wazee wachache wanasema udugu uliopo utavurugika. Tuwajibuje bila kuwavunjia heshima?
Mjumbe wa kamati ya uanachama

JIBU: Wajibuni kwa historia, kwa kuwa hofu hiyo si ngeni. Klabu ya Rotary ya Duarte, huko California, iliwapokea wanawake mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikanyang'anywa hati yake ya uanachama. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1987 iliamua kwamba sheria ya California iliyokataza ubaguzi ilizihusu klabu hizo pia. Mwaka huohuo Lions, shirika jingine la klabu za huduma lililoanzishwa mwaka 1917, lilifungua milango yake kwa wanawake, na mwaka 1989 Rotary ikaondoa katika katiba yake sharti la kwamba wanachama wawe wanaume. Mashirika yote mawili yanaendelea na kazi hadi leo, na udugu uliohofiwa kufa ungalipo.

Kwa upande wa vijana, klabu za vijana za Lions, ziitwazo Leo, zilianza mwaka 1957, na zile za Rotary, ziitwazo Rotaract, mwaka 1968. Tahadhari yangu ni moja: msiwapokee vijana ili wabebe viti na kuendesha kurasa za mitandao, huku maamuzi yote yakibaki kwa walewale. Wapeni kura na sehemu ya bajeti. Ama kwa wazee wenu, wapeni heshima ya kweli kwa kuwaomba wawe walezi wa wanachama hao wapya. Mara nyingi anayepinga kundi la watu asiowajua hulegea anapokabidhiwa mmoja wao mwenye jina na historia yake.

SWALI: Mwanachama wetu mpya amebadilishiwa zamu kazini, na sasa hawezi kuhudhuria kila wiki. Amesema ni bora ajiuzulu. Tumruhusu?
Rais wa klabu

JIBU: Msikimbilie kupokea barua hiyo. Tangu mwaka 2016 Rotary imeziruhusu klabu zake kulegeza ratiba, mradi zikutane angalau mara mbili kwa mwezi, na klabu yoyote ya huduma inaweza kutafakari kanuni zake kwa namna hiyohiyo. Kwanza muulizeni zamu mpya inamwachia saa zipi. Huenda hawezi kuja jioni ya kikao lakini anaweza kushiriki mradi wa Jumamosi, au kuandaa ripoti akiwa nyumbani, na mchango huo uhesabiwe kuwa mahudhurio. Ikiwa bado anahitaji kupumzika, mpeni likizo ya uanachama kwa maandishi yenye tarehe ya mwisho, msimtoe kwenye orodha ya mialiko, na mteueni mtu mmoja wa kumjulia hali kila mwezi mpaka tarehe hiyo ifike.