Methotrekseti ni ya mara moja kwa wiki

Msomaji wa Tanga ameandika: mama yake anatumia methotrekseti kwa baridi yabisi, mdomo umejaa vidonda, na duka la dawa limempa Septrin, dawa ya kuua bakteria. Pole, dada. Septrin asiinywe, dozi ijayo ya methotrekseti isubiri mpaka aonwe na daktari, na leo hii mpeleke hospitali ya Bombo akapimwe damu.

Dawa hii ni ya saratani. Kwa baridi yabisi hutolewa kidogo, miligramu 7.5 hadi 25 kwa wiki. Huizuia foliki, vitamini ya mwilini, isifanye kazi ya kuunda chembe mpya, na uboho wa mifupa, unaounda damu usiku na mchana, huumia mapema. Utando wa mdomo vilevile, ndiyo maana vidonda hivyo si vya kusukutulia maji ya chumvi na kusahau. Septrin nayo hupigana na foliki, tena huchelewesha figo kuitoa methotrekseti. Mbili hizo pamoja zimeua watu.

Kosa jingine ni kuinywa methotrekseti kila siku. Mwambieni mfamasia aandike jina la siku kwenye boksi, "Jumatatu tu". Angalieni na nguvu ya kidonge: kuna cha 2.5 na cha 10, vyote huweza kuwa vya njano. Vinne vya kwanza ni miligramu 10, vinne vya pili ni 40.

Homa ikifika nyuzi 38, msikimbilie dawa mseto. Kipimo cha malaria kifanyike, sawa, lakini chembe nyeupe zihesabiwe siku hiyohiyo. Aina ya neutrofili zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita, maambukizi madogo tu yanaweza kuua. Ocean Road, hospitali ya saratani, iko Dar, na homa hiyo haingoji basi la asubuhi. Fizi kutoka damu au michubuko bila kugongwa ni chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimepungua.

Ini huumia kimyakimya, zaidi kwa mnywaji pombe, mwenye kisukari au homa ya ini B. Damu ya kupima vimeng'enya vyake itolewe siku moja au mbili kabla ya dozi, kwani baada ya dozi hupanda kwa muda na kuwatisha bure.

Foliki ya miligramu 5, ya kupunguza madhara, hunywewa siku tofauti na methotrekseti. FEFO, kidonge cha madini ya chuma na foliki cha kliniki ya wajawazito, haitoshi, foliki yake haifiki hata miligramu moja. Na sumu ikishaingia, vidonge vya foliki havimwokoi mtu. Hospitali hutumia asidi ya foliniki, dawa tofauti na foliki, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu.