Ile fomu niliyokataa kusaini

Mwanangu,

Umeniuliza mbona mwaka ule wa 2012 nilikataa kusaini fomu yako ya futiboli ya Kimarekani, ilhali mama za wenzio walisaini. Kwenye simu nilikwepa. Nakujibu sasa.

Ulidhani mchezo wenyewe siujui. Naujua. Kabla hujazaliwa nilikuwa nikimtunza mzee mmoja hapa San Diego, na Jumapili runinga yake ilikuwa ya Chargers tu, timu ya mji huu enzi hizo. Ndiye aliyenionyesha jezi namba 55: Junior Seau, kijana wa Oceanside papa hapa, wazazi wake Wasamoa. Alikuwa lainibeka, yule anayesimama nyuma ya yale majitu ya mstari wa mbele, akinusa mpira unaelekea wapi, kisha anamvaa aliyeushika. Januari 1995, kule Pittsburgh, alicheza neva ya shingo ikiwa imebanwa, akakaba watu mara 16, Chargers wakaingia Super Bowl, fainali kuu ya ligi. Mimi na mzee tulishangilia hadi chai ikamwagika. Ile shingo hata sikuiwaza.

Alicheza misimu 20. Miaka yote hiyo, taarifa za majeruhi za ligi hazikumwandika hata mara moja kuwa amepata mtikisiko wa ubongo. Mtu ambaye riziki yake ilikuwa kugongana!

Tarehe 2 Mei 2012 alijitoa uhai, ana miaka 43. Nikamwona mama yake kwenye runinga, mbele ya waandishi, akimlilia Mungu amchukue yeye amwachie mwanawe. Fomu yako ilikuwa mezani, kando ya sinia la mahamri. Niliikunja nikaitia kwenye kopo la majani ya chai. Wewe ukabamiza mlango, ukaninunia wiki nzima.

Januari iliyofuata ikatangazwa kwamba ubongo wa Seau ulikutwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na vishindo vya kichwa vya miaka na mikaka, nao huthibitishwa mtu akishakufa. Basi usinione mjuzi. Nilikukatalia kabla ya hayo, kwa kilio cha mama mwenzangu tu.

Wewe ungeumia? Pengine la. Rafiki yako alisomeshwa chuo bure kwa mchezo huohuo, na alipooa biriani nilipika mimi.

Kosa langu ni kukuambia hatuna pesa za viatu. Zilikuwepo, mwanangu, kwenye kopo lilelile.

Mamako