Hita ya jua: pima mwinuko kwanza

Swali la wiki lilikuwa: «Baridi ya Juni na Julai inatumalizia yuniti za LUKU. Hita ya maji ya jua inalipa?»

Kwa Njombe, Makete na Mufindi, inalipa. Lita moja ya maji hula wati-saa 1.16 kupanda nyuzi moja. Watu wanne wakioga kwa shawa, lita 30 kila mmoja, maji yakitolewa nyuzi 15 hadi 40, ni yuniti 3.5 kwa siku (yuniti moja ni wati-saa 1,000). Mwezi unazidi 100. Bahati nzuri baridi ya huko huja na kiangazi: ukungu wa asubuhi ukishaondoka, jua lipo.

Lakini paneli isilazwe tu kufuata bati. Juni saa sita mchana jua liko kaskazini, nyuzi kama 33 kutoka utosini. Ielekeze kaskazini, mwinamo wa nyuzi 25 hadi 30.

Kasoro nyingi ni za mwinuko: kipi kiko juu ya kipi. Hita isiyo na pampu hujazwa kwa mteremko, hivyo kitako cha simtanki lazima kiwe juu kuliko tangi la maji ya moto, la sivyo tangi halijai. Kwa paneli bapa yenye tangi lake pembeni, kitako cha tangi hilo nacho kipite ukingo wa juu wa paneli kwa sentimita 30 au zaidi. Vikilingana, usiku paneli hupoa na maji ya moto huirudia. Kipimo ni rahisi: alfajiri, shika bomba linalotoka juu ya paneli. Likiwa vuguvugu, usiku kucha umepasha anga.

Makete kuna sakitu, yaani baridi ya kugandisha maji, na paneli bapa inayopitisha maji matupu inaweza kupasuka mabomba. Chukua ya mirija ya glasi, ila usiijaze mchana: mirija mikavu iliyopigwa na jua ikikutana na maji baridi hupasuka palepale. Jaza kabla jua halijachomoza, au ifunike turubai.

Elementi ya akiba, ile ya umeme ndani ya tangi, iwekwe nyuzi 60 na swichi yake pekee. Iwashwe jioni tu, siku ambayo jua halikutosha. Wengi huiacha imewashwa tangu asubuhi. Jua likitoka linakuta maji yameshachemshwa na LUKU, kisha hita ndiyo inayolaumiwa.