Mpira usioisha upepo upo, si utapeli

Mkuu, umeuliza kama kweli kuna mpira wa miguu usioisha upepo, maana mnataka kuchangia mipira. Upo. Unaitwa One World Futbol, ulitoka 2010. Aliyeubuni ni Mmarekani, Tim Jahnigen, baada ya kuona kwenye runinga watoto wakimbizi wa Darfur wakicheza na mpira wa takataka zilizofungwa kamba. Hauna kibofu ndani wala haujazwi upepo. Ni povu gumu, jamii ya lile la kandambili za Crocs. Mwiba ukiingia, unauchomoa mnaendelea kucheza.

Niliwahi kuushika mmoja hapa Kirumba, Mwanza. Mguuni mgumu kidogo kuliko wa ngozi, na kwa mtoto wa peku si raha sana siku ya kwanza, lakini kwenye changarawe hauna mpinzani.

Ila kama mchango wenu unaenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, usisubiri huo mpaka uagizwe. Nunueni ya kawaida hapa hapa mjini, toeni upepo ili iingie mingi kwenye kiroba kimoja, halafu wekeni pampu na SINDANO nyingi. Sisi tuliwahi kupeleka mipira ishirini na sindano moja, ikavunjika siku hiyo hiyo. Mipira mizima ikakaa stoo imelala kama chapati.

Na msibebe tu mzigo mkaenda getini. Kambini huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo anzeni na hilo kabla ya kukata tiketi pale stendi ya mabasi ya Nyegezi.