Matabaka yaliyopinda kwenye sampuli ya sakafu ya bahari: maporomoko au uchorongaji?

Swali: Nasoma picha za sampuli ya mashapo iliyochukuliwa kwa bomba lenye pistoni (kizibo kinachobana ndani ya bomba) kwenye bahari ya kina kirefu. Sehemu ya juu imelainika kama uji, katikati matabaka yamepinda, na chini kuna michirizi ya wima. Je, ni maporomoko ya chini ya bahari?

Jibu: Yote matatu yanaweza kuletwa na uchorongaji wenyewe, kwa hiyo usiandike "maporomoko" bado.

Anza na michirizi, maana ndiyo inayopotosha watu zaidi. Shinikizo la maji hukata pini zinazolizuia bomba, na bomba la kuchukulia sampuli hujikita mita 9.5 kwa sekunde chache. Likikuta tabaka gumu huishia njiani, tuseme kwenye mita 6. Meli inapolivuta, bomba bado limeshikwa na mashapo huku pistoni iliyo ndani ikipanda, na mvuto huo hufyonza tope laini kupitia mdomoni. Sampuli hufika juu imejaa, na kwenye karatasi inaonekana imepatikana yote, kumbe mita kadhaa za chini hazina mpangilio wowote. Tafuta kwenye kumbukumbu za uchorongaji kama bomba lilifika mwisho wa safari yake. Tazama pia usumaku wa mashapo: mahali palipofyonzwa, mchoro wa vipimo vyake hupoteza mabadiliko ya tabaka kwa tabaka.

Tope la juu kwa kawaida hutokana na meli kupandishwa na mawimbi, au vifusi vilivyodondoka kutoka kuta za shimo. Changarawe iliyo juu kabisa ya sampuli, tena ikijirudia sampuli baada ya sampuli, ishuku.

Matabaka yaliyopinda yapime kwa ulinganifu. Msuguano wa ukuta wa bomba la plastiki linaloshika sampuli huburuta kingo kuelekea chini pande zote mbili sawasawa, katikati pakabaki juu. Mkunjo wa maporomoko haujali mhimili wa bomba: huegemea upande, hukatika, na mara nyingi juu yake kuna matabaka yaliyotulia. Kama kuna shimo la pili jirani, lilinganishe. Maporomoko halisi yana nafasi kubwa ya kuonekana pale pia.

Kwenye mashapo magumu yaliyochukuliwa kwa ncha inayozunguka, utaona vipande vya sentimita chache vilivyotenganishwa na ute wa mashapo yaliyosagwa. Kila kipande kimezunguka kivyake, hivyo mwelekeo wa sumaku kwa upande wa kaskazini hauna maana tena, ingawa mwinamo wake, yaani jinsi unavyoinama kutoka usawa, bado unafaa. Pima msongamano ndani ya kipande, kamwe si kwenye ute.

Uharibifu hauishii baharini. Shinikizo likishuka, gesi hupanuka na kupasua sampuli. Ndiyo maana bomba la plastiki hutobolewa mapema. Kisha sampuli hukatwa vipande vya mita 1.5, na zile laini hupasuliwa kwa waya kuanzia chini kwenda juu, jambo linaloweza kupandisha chembe za zamani kwenye uso uliopasuliwa. Kwangua uso huo kwa kufuata matabaka, yaani kutoka ukingo hadi ukingo, usikwangue kwa urefu. Sampuli ndogo za kupimia umri zichukue katikati, mbali na ukuta, na eneo lenye michirizi liache kabisa.