Kupanua kibofu kwa utumbo baada ya kuumia uti wa mgongo

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kike ana miaka 27. Mwaka mmoja na nusu uliopita alipata ajali ya bodaboda, akaumia uti wa mgongo usawa wa T5, yaani pingili ya tano ya kifuani. Mikono yake ni mizima. Tangu hapo anakaa na mpira wa mkojo, nao unavuja pembeni. Kila ukibadilishwa wanaweka mnene zaidi, sasa umefika namba 22. Choo kikubwa kinamchukua saa mbili kila siku ya pili. Tumeambiwa anaweza kupanuliwa kibofu kwa kipande cha utumbo na kutobolewa kitundu kitovuni. Je, atapona? Na la choo lifanywe pamoja?

JIBU: Kama kupona ni kuhisi mkojo na kukojoa mwenyewe, hapana. Upasuaji huu unashusha presha ya kibofu ili figo zisiharibike, na unampa njia nyepesi ya kutoa mkojo. Mpira ataendelea kuutumia, ila utakuwa wa kuingiza na kutoa.

Kabla ya yote, acheni kuongeza unene wa mpira. Hauvuji kwa kuwa ni mwembamba. Unavuja kwa sababu kibofu kinajikamua kwa nguvu, au umeziba, au kuna jiwe, au choo kigumu kimejaa kikakibana kibofu. Kila namba inayoongezwa inazidi kulegeza njia ya mkojo, ambayo kwa mwanamke ni kama sentimita 4 tu. Arudishwe namba 14 au 16, puto lijazwe mililita 10, chanzo kitafutwe. Njia ya chini ikiwa imeshalegea, kitundu cha kitovuni peke yake hakitamkausha: itabidi shingo ya kibofu ikazwe kwa ukanda wa tishu zake mwenyewe, au ifungwe kabisa. Mwulizeni daktari wa mkojo jambo hili waziwazi, maana likisahaulika atatoka na kitundu kipya na nepi zilezile.

Pili, je, amepimwa presha ya kibofu? Ikipita sentimita 40 za maji, figo ziko hatarini. Je, amejaribu kutoa mkojo kwa mpira wa muda kila saa 4 hadi 6, pamoja na vidonge vya oksibutinini vya kutuliza kibofu? Vikishindwa, kuna sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza misuli: yuniti 200 zinazogawanywa sehemu kama 30 za ukuta wa kibofu kwa darubini inayoingizwa kibofuni, nguvu yake ikidumu miezi 6 hadi 9. Kama hayo hayajajaribiwa, ni mapema mno kumpasua.

Yakishindwa, daktari hukata sentimita 25 hadi 40 za utumbo mwembamba, akiacha zile 20 za mwisho zinazofyonza vitamini B12. Kipande hicho hupasuliwa kwa urefu kikawa bapa, kwa sababu kikibaki bomba kitaendelea kujikamua, kisha hushonewa juu ya kibofu kilichofunguliwa. Kidole tumbo hugeuzwa mrija kutoka kibofuni hadi kitovuni, njia iliyobuniwa na Mitrofanoff wa Ufaransa mwaka 1980. Kwa mwanamke wa kwenye kiti cha magurudumu ni nafuu kubwa: anajihudumia bila kuvua nguo wala kuhamia kitandani.

Gharama ya utumbo huo ni ute. Usiposafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, kila siku mwanzoni, unaziba mpira na kuzaa mawe. Mdomo wa kitovuni nao hupenda kusinyaa. Mpira ukianza kugoma asiulazimishe. Apimwe asidi ya damu na B12 kila mwaka. Bakteria watakuwemo kwenye mkojo daima, hivyo bila homa wala dalili nyingine asipewe antibayotiki. Na kipimo cha mimba cha mkojo kinaweza kumdanganya. Atumie cha damu.

Kinachoua ni kibofu kupasuka kwa kujaa kupita kiasi. Hatasikia maumivu ya tumbo kama wengine. Tumbo likivimba, homa, maumivu ya bega, mkojo kutotoka: hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu choo, kuna njia mbili. Ya kwanza ni mrija mwingine kwenye utumbo mpana, wa kumimina maji vuguvugu kutoka juu akiwa amekaa chooni. Kidole tumbo ni kimoja, kwa hiyo mrija mmoja hutengenezwa kwa utumbo. Ya pili ni kolostomi, yaani choo kutokea kwenye mfuko tumboni. Watu wanaiogopa, lakini kwa anayepoteza saa mbili, au mwenye kidonda cha makalio, mimi naiona mara nyingi ndiyo bora. Mahali pa mfuko pachorwe akiwa amekaa kwenye kiti chake. Pakichorwa amelala patafichwa na mkunjo wa tumbo. Ulizeni mapema mifuko itapatikana wapi.

Upasuaji wa kibofu na wa choo unaweza kufanywa pamoja, ikiwa hana kidonda wala utapiamlo.

Mwisho, T5 iko juu ya T6, na walioumia T6 au juu yake wana hatari ya pekee. Hata kama hahisi kisu, presha ya damu inaweza kuruka ghafla. Asipasuliwe bila mtaalamu wa usingizi. Nyumbani, akiumwa kichwa cha kugonga na kutoka jasho usoni, mkalisheni wima, miguu chini, nguo zilegezwe, kisha mkojo utolewe. Kama namba ya juu ya presha yake kwa kawaida ni 95, basi 130 kwake ni hatari.