Shangazi wa Barabarani: Kwa Wakejuni asubuhi, nyumbani usiku

SWALI: Shikamoo shangazi. Tunaishi Houston, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mkubwa ana miaka kumi, mdogo minne. Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwisho wa Machi, atakaa nasi hadi Mei. Mume wangu, Mchaga wa Marangu, anatamani siku nyingi kuonja chakula cha Wakejuni, wale watu wa asili ya Kifaransa kule Louisiana, na anataka twende wote kwa gari Jumamosi moja na kurudi usiku, maana Jumapili yuko zamu kazini. Yeye ni Mkatoliki; mimi na mama ni Waislamu. Nasikia kule kila chungu kina nguruwe. Naogopa mama atashinda na njaa huku wengine wanakula. Siku moja inatosha? Twende wapi hasa? Na mama atakula nini?
– Mama wa watatu, Houston

JIBU: Marahaba mwanangu. Siku moja inatosha, ila msiende New Orleans. Najua mume wako atasema, “Tukishafika Louisiana tusogee kidogo tu.” Kutoka Houston hadi New Orleans ni kama maili 350, na isitoshe si huko kwenye chakula mnachokitafuta. New Orleans ina mapishi yake, ya Wakrioli, watu wa asili mchanganyiko ya Ulaya na Afrika, yenye nyanya nyingi zaidi na mambo ya mjini. Wakejuni wako magharibi, kuzunguka mji wa Lafayette, na mkishika barabara kuu ya I-10 moja kwa moja mtafika kwa maili 215 hivi, saa tatu na nusu bila kuhesabu kusimama kwa watoto.

Mimi nimezaliwa Pangani, nikaolewa nikaletwa Port Arthur, Texas, kwa hiyo Louisiana ni jirani yangu wa ng'ambo ya mto Sabine. Nimejifunza kwamba watu wa kule huweka mapishi yao mazuri mahali ambapo mgeni hapategemei: kituo cha mafuta, bucha, duka la kijijini lenye jiko nyuma. Mkifika mkaanza kutafuta mgahawa wenye vitambaa vya meza, mtakula vizuri lakini mtakuwa mmewapita wenyewe barabarani.

Ondokeni kabla jua halijachomoza. Mama asali Alfajiri kwanza, watoto mwapakie na mablanketi yao. Mkifika Lake Charles mtapanda daraja la chuma la mto Calcasieu, lililofunguliwa mwaka 1952, ambalo ukingo wake umepambwa kwa bastola zilizopishana. Waambieni watoto wazihesabu. Foleni hapo huwa ya kuchosha. Baada ya hapo nchi inakuwa tambarare, maji pande zote. Hayo maji ni mashamba ya mpunga ya upande wa Crowley. Angalieni vichwa vya mitego vinavyochomoza majini: hiyo ni mitego ya kamba wa maji baridi, wale wekundu wenye makucha. Mkulima huvuna mpunga kiangazi, hujaza shamba maji tena majira ya majani kupukutika, na kamba hukua humo humo wakila mabua yaliyobaki. Shamba moja, mavuno mawili. Mama yako kama amelima mpunga Korogwe au Maramba atataka gari lisimame. Simamisheni.

Kituo cha kwanza kiwe Scott, karibu kabisa na Lafayette. Mji huu mdogo ulitangazwa na bunge la jimbo mwaka 2012 kuwa makao makuu ya boudin duniani. Boudin ni wali uliopikwa na nyama ya nguruwe, ini, vitunguu na majani yake, ukajazwa kwenye utumbo na kupashwa kwa mvuke. Best Stop na Billy's ndiyo maduka yanayotajwa sana. Yote mawili hayako mbali na I-10. Mume wako anunue kipande kikiwa cha moto, asimame kwenye maegesho, akiweke juu ya boneti na karatasi chini, akibinye kitoke kwenye utumbo akile hapo hapo. Ndivyo kinavyoliwa, na asubuhi ndiyo wakati wake. Kikipoa kimepoteza nusu ya utamu. Gratons, yaani ngozi na mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa mpaka yakakauka, anunue mfuko mdogo tu, la sivyo atashiba kabla ya saa nne.

Hapo ndipo hofu yako ilipo, na una haki. Nguruwe kwa Wakejuni hakuingia kwa bahati. Watu hawa ni uzao wa wakulima wa Kifaransa waliofukuzwa na Waingereza mwaka 1755 kutoka Acadie, ambayo leo ni Nova Scotia ya Kanada na jirani zake. Familia zilitenganishwa na kutawanywa, na kuanzia miaka ya 1764 na 1765 baadhi yao wakaanza kufika Louisiana na kupewa maisha mapya kwenye vinamasi na mbuga. Hakukuwa na friji. Majirani walichinja nguruwe pamoja na kugawana siku hiyo hiyo: paja likakaushwa kwa moshi, mafuta yakakamuliwa, na ini na vipande vidogo vikachanganywa na wali ili viwatoshe wote. Ndiyo sababu nguruwe anajificha hata kwenye chakula ambacho jina lake halimtaji. Maharage huwa na soseji. Mboga za majani huwa na mafuta yake. Wali wa kahawia unaoitwa rice dressing mara nyingi una ini lake.

Mwanangu, sikiliza hapa vizuri, maana wengi huponzwa na neno “kamba”. Duka litakwambia lina boudin ya kamba, nawe utafurahi umnunulie mama. Wali wa ndani unaweza kuwa na kamba, lakini utumbo ulioufunga kwa kawaida ni wa nguruwe. Mipira ya boudin iliyokaangwa haina utumbo, lakini mafuta yake huenda yamekaanga vitu vingine tangu alfajiri. Kila mahali uliza mambo matatu bila haya: supu ya msingi imetoka kwenye nyama gani, unga wa mchuzi umekaangwa kwa mafuta gani, na mafuta ya kukaangia samaki yanakaanga nini kingine. Ukisikia andouille au tasso, hizo ni nyama za nguruwe za moshi. Watu wa kule ni wakarimu, na wanapenda kuongea habari za kupika. Nimeshaitwa jikoni nikaonyeshwa sufuria ili niridhike.

Kwa hiyo asubuhi mama ale alichobeba. Mpikieni mikate ya maji au chapati, chai iwe kwenye chupa, apate staftahi yake kwa heshima wakati mkwewe anapambana na boudin. Zamu yake inakuja mchana.

Mchana nendeni Breaux Bridge, mashariki kidogo ya Lafayette, kwenye ukingo wa Bayou Teche, mto wa maji ya polepole. Mji huu nao ulipewa na bunge mwaka 1959 jina la makao makuu ya kamba wa maji baridi. Muagizieni mama étouffée. Ni kamba waliomenywa, wakaivishwa taratibu kwa siagi, vitunguu, seleri na pilipili hoho, mchuzi mzito ukamwagwa juu ya wali mweupe. Kwa mtu wa Tanga, wali na mchuzi wa kamba hauhitaji maelezo. Ulizeni supu tu. Kambare wa kukaanga naye ni mzuri kama kikaango chake ni cha samaki peke yake. Kama safari yenu itaangukia Ijumaa ya Kwaresima badala ya Jumamosi, bora zaidi kwake: Wakejuni wengi ni Wakatoliki, siku hiyo hawali nyama, na migahawa hujaza samaki, kamba na chaza.

Kuhusu kamba wa maji baridi na kaa, wanazuoni wana maneno yao, na mama ana shehe wake Tanga. Ampigie simu kabla ya safari. Msimweke kwenye mtihani huo sahani ikiwa imeshafika mezani.

Baada ya chakula nendeni Ziwa Martin, dakika chache tu kutoka mjini. Miti imesimama ndani ya maji, imening'iniza mimea ya kijivu hadi chini, na majira hayo ya kuchipua yangeyange na domomwiko wa waridi wanakuwa kwenye viota. Mamba wapo, kwa hiyo huyo wa miaka minne ashikwe mkono muda wote. Lafayette kuna msikiti, kama mtataka kusali kwa utulivu kabla ya jioni.

Jioni ndiyo kamba wa kuchemsha. Migahawa mingi ya kamba hufungua alasiri na hufanya kazi kwa msimu tu, ambao huanza kama Januari na kuisha karibu Juni. Aprili, mama akiwa hapa, ndiyo wakati wao hasa: wakubwa, wengi, na bei imeshuka. Msimu hutegemea mvua. Ukame wa 2023 uliharibu mavuno ya 2024 na bei ikapaa vibaya. Wanauzwa kwa ratili, na ratili tatu kwa mtu mzima si nyingi, kwa sababu kinacholiwa ni mkia. Wanakuja kwenye sinia na mahindi na viazi vilivyochemshwa humo humo. Unazungusha mkia, unautoa, unamenya, na mwenye moyo ananyonya kichwa, ndiko viungo vilikojificha. Watoto waombewe wasio wakali, na mtu yeyote asiguse macho mpaka anawe kwa sabuni na ndimu. Pilipili yao haitamshinda mtu wa Tanga; chumvi ndiyo nyingi, bebeni maji ya kutosha.

Kisiwa cha Avery, wanakotengeneza Tabasco tangu 1868, ni kizuri na mama angependa kuona pilipili, chumvi na siki zinavyokuwa sosi. Lakini kiko kusini, njia nyingine kabisa. Mkikiweka siku hiyo hiyo mtaona vyote na hamtaonja kitu. Kiacheni.

Anayeendesha kurudi asishibe kupita kiasi jioni. Kisanduku cha barafu kiwe na nafasi mbili zilizotengana, kimoja cha mama na kimoja cha boudin ya mume wako.

SWALI: Shangazi, mimi ni mvuvi wa Ziwa Naivasha. Kwenye simu nimeona Wamarekani wakichemsha kamba wekundu mithili ya hawa wetu. Ni hao hao? Na wanawachemshaje wakawa wekundu hivyo na watamu?
– Msomaji, Karagita

JIBU: Ni hao hao, ndugu yangu. Asili yao ni Louisiana na kusini ya Marekani. Walitiwa Naivasha mwaka 1970 kwa ajili ya biashara, na kwa muda waliuzwa hadi Ulaya, ingawa mimea ya ziwa iliumia sana kwa kuliwa nao.

Wekundu unatokana na moto, hauongezwi rangi. Utamu unatokana na kungoja. Osha kamba wakiwa hai kwa maji mengi, mpaka maji yatoke safi, waliokufa tupa. Chemsha maji na chumvi nyingi, pilipili ya unga, vitunguu saumu vizima, ndimu zilizokatwa na viazi. Viazi vikianza kulainika, tia kamba na mahindi. Maji yakichemka tena, hesabu dakika chache, kisha zima moto na waache wakae humo kama robo saa au zaidi. Wakati huo ndipo viungo vinaingia. Wengi huwatoa mapema, na wanapata ganda lenye pilipili na nyama isiyo na ladha.

SWALI: Shangazi, sisi wa Dar es Salaam hatuna I-10. Naweza kupika gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana wenye bamia, nyumbani Mbagala bila nguruwe?
– Kijana mpishi

JIBU: Unaweza, na utaifurahia, kwa sababu bamia ni mali yetu, ilivuka bahari kutoka Afrika pamoja na watu waliotekwa utumwani. Kazi yote iko kwenye roux, yaani unga uliokaangwa kwa mafuta. Kikombe cha mafuta ya kupikia, kikombe cha unga wa ngano, sufuria nzito, moto mdogo, mwiko wa mbao. Koroga nusu saa, pengine dakika arobaini na tano, hadi unga uwe na rangi ya chokoleti. Usiiache kupokea simu. Vikitokea vidoa vyeusi imeungua: mwaga uanze upya, haiokoleki.

Hapo tia vitunguu, seleri na pilipili hoho vilivyokatwa vidogo, vitaishusha joto. Kisha vitunguu saumu, supu ya kuku kidogo kidogo, vipande vya kuku wa kienyeji, na badala ya andouille tumia soseji ya ng'ombe uliyoichoma kwanza kwenye mkaa ipate harufu ya moshi. Kuku wa kienyeji anataka saa nzima na zaidi. Bamia zikaange pembeni mpaka utelezi upungue, uzitie nusu saa kabla ya kuepua. Kamba, kama unao, waingie mwisho kabisa, dakika tano tu.

Wali uwe mkavu na uwe kidogo. Gumbo ndiyo nyingi. Wakejuni wengine huweka kijiko cha saladi ya viazi katikati ya bakuli. Nilisita mara ya kwanza, sasa sili bila hiyo. Jaribu.